Nairobi hadi New York na mzazi mkongwe: tupeane uzoefu

Mjukuu wa Makadara (mwanzisha uzi)
Binti ya dada yangu amejifungua huko New Jersey, jirani na New York, na mama, aliyepita miaka 70, ameapa lazima amwone kitukuu. Ndege pekee aliyowahi kupanda ni ya Mombasa, ile ambayo hata chai hujamaliza mnatua. Hii ni kilomita 11,800 hivi. Ya moja kwa moja inachukua kama saa 15, za kuunganisha ni nafuu kidogo. Mliosafirisha wazazi, mliamuaje?

Nyanya wa Kayole
Moja kwa moja, usifikirie mara mbili. Kabla ya Oktoba 2018, Kenya Airways ilipoanza safari hiyo, hatukuwa na chaguo. Nimepitia Amsterdam na goti bovu, naujua ule ukumbi. Kinachochosha si kuruka, ni kushuka, kupekuliwa, kutafuta mlango, kupanda tena.
Ila mwandae kwa usiku. Mnaondoka usiku, mnaelekea magharibi, na usiku nao unawafuata. Nililala, nikaamka, nikala, nikalala tena, nje bado giza! Unatua kwao ni asubuhi, tumbo lako linadai chakula cha mchana. Wako nyuma yetu saa 7 au 8 kutegemea msimu, maana wao husogeza saa, sisi hatusogezi.

Fundi Embakasi
Kuondoka usiku kuna faida yake pia. JKIA, uwanja wetu wa ndege wa Nairobi, iko mita 1,600 na ushei juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na jua likiwaka inazidi kuwa nyepesi. Ndege iliyojaa mafuta ya kwenda Marekani inahitaji hewa baridi ndiyo inyanyuke vizuri.

Wa Githurai
Mimi nilipitia Doha kwa sababu ya bei. Nairobi hadi Doha ni kama saa 5. Halafu Doha hadi New York, saa 14 nyingine! Yaani ile safari ndefu uliyoikimbia unaikuta palepale, na nyingine juu yake. Ukitaka kuikata katikati kweli, pitia Ulaya: London ni saa 9 hivi, kisha 8. Ghuba acha, labda mzee awe na mtu wa kukaa naye Doha siku mbili.

Nyanya wa Kayole
Nimesahau. Kiti cha njiani, si cha dirishani, ili asiwaombe watu radhi kila akienda msalani. Soksi za kubana, lakini aulize daktari wake kwanza. Na kiti cha magurudumu kiombwe mnapokata tiketi, hata kama anatembea. Atakataa kwa sababu ya fahari. Omba tu.

Wa Githurai
Kurudi ni afadhali, kama saa 14, kwa kuwa upepo wa juu unavuma kuelekea mashariki na unawasukuma.

Mjukuu wa Makadara
Asanteni, tumekata ya moja kwa moja, kiti cha njiani. Cha magurudumu nimeomba bila kumwambia. Sasa anataka kubeba unga wa wimbi wa kumpikia huyo aliyejifungua uji, mfuko mzima. Aliyewahi kupita nao forodha ya JFK, uwanja wa New York, aseme.