Tajiri alishawahi kukutoa shida? Tupeane uzoefu

Wa Umoja: Asubuhi kwenye matatu abiria mmoja kashikilia kwamba serikali ipunguze kodi, iachane na mambo ya hospitali na karo, matajiri watatushika mkono. Hakuna aliyembishia hadi tukashuka Muthurwa. Nyinyi mlishasaidiwa? Semeni.

Kijana wa Dandora: Mimi nilisomeshwa na mzee mwenye maduka, kidato cha kwanza hadi cha nne. Bila yeye ningekuwa jalalani nikiokota plastiki. Mungu ampe maisha marefu.

Fundi Kayole: Wenye shida darasani mlikuwa wangapi?

Kijana wa Dandora: Wengi. Alichukua watatu.

Fundi Kayole: Haya basi.

Mama Kevo: Hii sijawahi kuiandika. Desemba 2012 nilimzaa Kevo kwa upasuaji, hospitali ya umma hapahapa Nairobi. Siku ya kutoka bili inakuja, sina. Mume ni wa mjengo na wiki hiyo hakuna kazi. Nikazuiliwa, askari mlangoni. Tunalala wawili kitanda kimoja na bado kila siku naongezewa hela ya kitanda.

Siku ya kumi na mbili akaja tajiri na watu wa kamera, kutoa wamama kwa ajili ya Krismasi. Nesi akapita na karatasi. Mwenye pacha, akaandikwa. Kasichana ka miaka kumi na sita, kakaandikwa. Kufika kwangu akatazama kidole. "Mama, wewe una bwana." Akapita. Wenzangu wakavalishwa leso mpya za rangi moja, wakapangwa nyuma ya hundi ya kadibodi. Waliporudi kuchukua vikapu vyao hawakunitazama usoni. Mimi nilitoka Januari, mume ameuza redio na baiskeli.

Sasa dadake Kevo: Agosti 2014, hospitali ileile. Tangu Juni 2013 kujifungua hospitali za umma kulikuwa bure. Hakuna aliyeuliza habari za bwana. Nililipa nauli tu.

Shiru: Pete jameni! 😭

Mkatwaji: Serikali gani mnasifu? Nakatwa 2.75% ya mshahara kila mwezi ya SHA, bima ya afya ya serikali, juzi mama mkwe anaambiwa mfumo umelala, lete pesa. Afadhali tajiri.

Fundi Kayole: Watu wa Kileleshwa tajiri ni jirani yenu.

Mkatwaji: Mimi ni bawabu Kileleshwa. Heshima kidogo.

Fundi Kayole: Pole kaka. Lakini mfumo ukilala unaweza kuuliza kwa nini, Kifungu cha 43 cha Katiba kinakupa haki ya matibabu. Tajiri akilala utamuuliza nani?

Mkatwaji: Nimeuliza. Nimejibiwa "subiri".

Karani wa Chama: 2011 tulichangia waliokuwa wakifa njaa Turkana, hata shilingi kumi kwa simu. Vizuri sana. 2022 ukame tena, na mimi sikuona tukichanga kwa simu kama ule mwaka.

Shiru: Shosh wangu hupata 2,000 za Inua Jamii, zile serikali inawapa wazee kila mwezi. Zinachelewa, lakini hapigwi picha.

Kijana wa Dandora: Msimtukane mzee wangu lakini.

Karani wa Chama: Hajatukanwa. Ushauri wangu: jiungeni na chama cha kuweka akiba.

Mkatwaji: Chama ndicho kilitoroka na pesa zangu. Oeni binti wa tajiri.

Wa Umoja: Mama Kevo, ile hundi ya kadibodi iliishia wapi?

Mama Kevo: Ilibaki wodini. Tuliziba nayo dirisha lililovunjika, baridi ilikuwa inaingia.

Shiru: Fomu za basari mwisho ni lini? Kuna mtu anajua?