Doto ameandikiwa haidroksiyurea. Je, haitamshusha kinga?

Mama Kulwa, Mwanza

Habari za jioni ndugu zangu. Nina pacha wa kike wa miaka mitatu na miezi minne, Kulwa na Doto, lakini si wa kufanana. Kulwa alipimwa akaonekana amebeba tu kinasaba cha selimundu, anakimbia na wenzake kutwa nzima. Doto ana ugonjwa wenyewe. Tulijua akiwa na miezi minane, mikono na miguu yote minne ilipovimba kwa pamoja, ukimgusa kidole anapiga yowe. Majirani walisema mengi, sitayarudia hapa.

Ameshaongezewa damu mara mbili. Mara ya mwisho ilikuwa Machi, damu imeshuka hadi 4.9. Siku hiyo hata kulia hakulia, alikuwa ananitazama tu. Sasa kliniki wameamua aanze haidroksiyurea. Ana kilo 12. Nimeelekezwa nimwage unga wa kidonge kimoja cha miligramu 500 kwenye mililita 10 za maji, nikoroge, nivute mililita 4 kwa bomba la sindano nimpe, kila siku, kisha nimrudishe baada ya wiki nne apimwe damu.

Nilipokwenda kununua, binti wa duka la dawa akamwangalia Doto mgongoni akaniuliza, "Hii dawa ya saratani ni ya huyu mtoto?" Nikairudisha nyumbani ndani ya mkoba, na leo ni siku ya sita sijampa. Karatasi ya ndani ya boksi inasema inashusha chembe nyeupe. Chembe nyeupe si ndiyo askari wa mwili? Daktari mwenyewe aliniambia bandama la Doto halifanyi kazi sawasawa, kinga yake ina tundu tayari. Sasa nimpe dawa ya kupunguza hata askari waliobaki? Na sisi tuko kando ya ziwa, malaria haitupi likizo. Mama mkwe amesema nisithubutu. Nilijaribu kuuliza kliniki, foleni ilikuwa hadi nje, nikajibiwa "mpe tu mama, ni nzuri."

Naomba mwenye mtoto anayeitumia anieleze ukweli. Sitafuti wa kunipa moyo, nataka kujua.

Baba Mwanasha, Kilifi

Salaam, mama Kulwa, na pole sana kwa ile siku ya Machi. Mtoto wa sikoseli (huku kwetu twaita hivyo) anapoacha kulia, mzazi hulia yeye. Naijua siku hiyo.

Mwanangu ana miaka 9, ameianza dawa hiyo akiwa na miaka minne na nusu. Mimi ni fundi wa cherehani, si daktari, lakini swali lako la askari ndilo nililouliza mimi, na nilibahatika kumpata muuguzi aliyekaa nami kitako kwenye benchi akanieleza mpaka nikaelewa.

Bandama, au wengu, ndipo damu huchujwa. Chembe nyekundu zikijikunja kama mundu hukwama kwenye vijia vyake vyembamba, na wengu hufa kidogo kidogo, kwa watoto wengi kabla hata hawajaanza shule. Kuna bakteria aitwaye pneumokoki. Huyu amevaa koti, ganda la sukari linaloteleza, chembe nyeupe zikimshika mwilini humponyoka. Wengu ndio unaojua kumkamata na koti lake lile. Mimi nashona makoti, kwa hivyo nilielewa papo hapo. Wengu ukifa, mdudu yule aweza kuingia damuni asubuhi na mtoto akawa hatarini kabla ya magharibi. Tundu la kinga ya Doto liko hapo.

Halitokani na uchache wa chembe nyeupe. Chukua karatasi ya vipimo vya Doto uitazame, huenda ukakuta zake ni nyingi kuliko za Kulwa. Za Mwanasha zilikuwa elfu 19, naye hakuwa na homa siku hiyo. Mwili wa mtoto wa sikoseli uko vitani kila siku, na chembe hizo zikiwa nyingi hugandana na zile mundu na kuziba mishipa zaidi. Dawa inazirudisha karibu na hesabu ya watoto wengine. Na kazi yake kubwa hasa ni nyingine: inaamsha himoglobini (ile inayobeba hewa ndani ya chembe nyekundu) ya mimba, aliyozaliwa nayo. Ndiyo maana Doto alikuwa mzima miezi ya mwanzo. Himoglobini ile haikubali kupinda. Ilipoanza kupungua mwilini mwake ndipo mikono ikavimba.

Sasa malaria. Hofu yako wewe waliwahi kuwa nayo madaktari wenyewe. Dawa ilikuwa imejaribiwa zaidi Marekani na Ulaya, ambako malaria hakuna, na wakajiuliza kama huku kwetu haitaua watoto. Wakaanza Kampala, hospitali ya Mulago, watoto 208 wadogo wa umri wa Doto, nusu wakapewa dawa na nusu kitu kisicho na dawa, kwa mwaka mzima. Majibu yalitoka 2017: waliopewa dawa hawakuugua malaria zaidi ya wenzao. Kisha ukaja utafiti mkubwa zaidi, watoto 606 kutoka Kinshasa, Luanda, Mbale na hapa hapa Kilifi, ukachapishwa 2019. Kwa kila watoto 100 kwa mwaka, malaria ilikuwa mara 47 kabla ya dawa, ikawa 23. Kuongezewa damu kulikuwa mara 43, kukawa 14. Maumivu yalipungua zaidi ya nusu, na vifo vikapungua. Hesabu hizi nimezinakili nyuma ya daftari la Mwanasha kwa mkono wangu, kwa sababu babake mke wangu naye alikuwa kama mama mkwe wako.

Daftari hilo ndilo ushahidi wangu mwenyewe. Kila homa naandika tarehe. Mwaka kabla ya dawa: homa 11, kulazwa mara 4, damu mara 2. Mwaka wa kwanza wa dawa: homa 5, kulazwa mara 1, damu hakuna. Na kuna jambo halimo daftarini. Sare yake ya chekechea niliishona na upindo mpana nikitumai atakua, akaivaa karibu miaka miwili upindo ukiwa vile vile, sikuugusa. Alipoanza dawa, mwaka huo mmoja niliufumua mara mbili. Mara ya pili nilikaa na ile nguo mapajani muda mrefu kabla ya kuirudisha kwenye cherehani.

Umetaka ukweli, basi na huu. Mwezi wa tatu chembe zake nyeupe zilishuka kupita kiasi. Tukaambiwa tusimamishe wiki moja, akapimwa tena, zikawa zimepanda zenyewe, akarudishwa kwa kipimo kidogo zaidi. Kucha zake zimefanya mistari myeusi. Na miezi miwili ya kwanza hutaona tofauti yoyote, maana dawa hii huchelewa, usije ukakata tamaa ukaacha. Lakini siku ya kupima damu usiikose. Ile ndiyo inayofanya dawa iwe salama.

Homa ikigusa 38 na nusu, nenda hospitali usiku huo huo, hata kama anacheka. Kama amelegea, usingoje hata ifike hapo. Na kila asubuhi kabla hajaamka, mpapase chini ya mbavu za kushoto. Mimi nilifundishwa kuhesabu vidole: wengu umeshuka vidole vingapi chini ya ubavu. Ukizidi ghafla na viganja vimekuwa vyeupe, damu imenaswa ndani ya wengu, na hapo hakuna kusubiri kukuche.

Muuguzi, Temeke

Mama Kulwa, pole kwa kujibiwa kwa mkato. Ulistahili maelezo, na siku sita za hofu zisingekuwepo.

Baba Mwanasha ameeleza vizuri kuliko wengi wetu tuliovaa sare nyeupe. Naomba nirekebishe sehemu moja tu, kwa heshima. Ule utafiti wa nchi nne haukuwa na kundi la kulinganisha. Watoto wale wale walifuatiliwa miezi miwili kabla ya dawa, kisha wakafuatiliwa wakiwa kwenye dawa. Mtoto anayeonwa na daktari kila mara, mama anayekumbushwa chandarua kila mwezi, naye malaria hupungua. Kwa hiyo tusiseme nusu ile yote imetokana na dawa. Wa Mulago ndio uliokuwa na makundi mawili, na pale waliopata matatizo ya selimundu walikuwa asilimia 69 kwa wasiopewa dawa na 45 kwa waliopewa. Huo mimi ndio nautegemea ninapozungumza na wazazi.

Kuhusu saratani: ni kweli, wapo wagonjwa wa saratani za damu wanaoitumia. Haidroksiyurea ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1869, haikubuniwa kwa ajili ya saratani wala selimundu. Tangu 2011 imeshaonekana kusaidia hata watoto wa miezi 9 hadi 18, huko Marekani. Hesabu uliyopewa nimeipiga: mililita 4 ni miligramu 200, kwa kilo 12 inakuja kama 17 kwa kilo. Ndipo tunapoanzia. Akiongezeka uzito ihesabiwe upya, usibaki na mililita 4 hadi aende darasa la kwanza.

Unapofungua kidonge vaa glavu, usivute ule unga puani, bomba na kikombe viwe vya dawa hiyo peke yake. Kama una ujauzito au unadhani unao, afungue mtu mwingine. Maji yanayobaki usimwage ovyo, waulize walipokupa dawa wayapokeaje.

Sasa la muhimu ambalo hukulitaja: penisilini. Doto anainywa asubuhi na jioni? Haidroksiyurea haiwezi kuziba lile tundu la bandama, penisilini ndiyo inayosimama mlangoni, angalau hadi afike miaka mitano. Na akishafika miaka mitatu dozi hupanda kutoka miligramu 125 hadi 250. Angalia chupa yako usiku huu. Nimeona watoto wengi waliobaki kwenye dozi ya uchanga kwa sababu karatasi ya zamani ilinakiliwa tu. Chanjo ya nimonia nayo, tunayo nchini tangu 2013, lakini inakinga aina kadhaa tu za pneumokoki, ndiyo maana hatuachi penisilini.

Na tafadhali usimsikilize atakayekwambia mtoto wa selimundu hapati malaria. Anayekingwa ni Kulwa, aliyebeba kinasaba kimoja. Hilo lilionyeshwa na Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, mwaka 1954. Doto mwenye viwili ikimpata inamshusha damu kwa kasi ya kutisha. Chandarua kwa wote, lakini kama kimoja kina tundu, Doto alale kwenye kizima.

Juma, Leicester

Dada, na hili la kubadilisha vinasaba vipi? Huku Uingereza liliidhinishwa Novemba 2023, Marekani mwezi uliofuata. Linaitwa Casgevy. Nina mpwa mwenye selimundu Tabora, naulizia hata kwa ajili yake.

Muuguzi, Temeke

Kaka Juma, iliidhinishwa kwa wenye miaka 12 na kuendelea, na Marekani bei yake ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Kabla ya kurudishiwa chembe zake zilizobadilishwa, mgonjwa anapewa dawa kali za kufuta uboho wote, yaani kile kiwanda cha damu ndani ya mifupa. Na ujue inachofanya ni nini: kuamsha himoglobini ya mimba. Njia ni nyingine, lakini ni ile ile anayokwenda kuamshiwa Doto kwa mililita 4.

Kinachowezekana nyumbani ni kupandikizwa uboho. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza kwa watoto wa selimundu mwaka 2023. Anahitajika ndugu wa baba mmoja mama mmoja anayelingana, na kila ndugu ana nafasi moja kati ya nne. Mama Kulwa, aliyebeba kinasaba hakatazwi kutoa. Lakini hilo ni la kuulizia taratibu, siyo la wiki hii. Nalo lina hatari zake, na Kulwa naye ni mtoto wa kulindwa.

Mama Kulwa, Mwanza

Nimesoma mara tatu, mara ya tatu nilimsomea baba yao kwa sauti. Mungu awabariki.

Chupa ya penisilini nimeiangalia. Imeandikwa 125. Kesho asubuhi naenda, na safari hii sitoki kwenye foleni hadi waandike upya.

Karatasi ya vipimo nimeitafuta pia. Baba Mwanasha, chembe nyeupe za Doto ni elfu 17 na mia nne. Nilikuwa nayo ndani ya bahasha miezi yote hii sikujua kuisoma. Nimemwonyesha mama mkwe nikamweleza habari ya koti. Hakusema ndiyo, ila aliniuliza penisilini inauzwaje.

Swali moja: nimepapasa ubavu leo mchana, nadhani nimehisi kama vidole viwili. Ni kawaida?

Baba Mwanasha, Kilifi

Viwili kwa umri wake huenda ukaambiwa ni kawaida, lakini kesho mwombe daktari apapase mbele yako, nawe upapase baada yake pale pale, mpaka vidole vyenu vikubaliane. Uandike hiyo hesabu kwenye daftari na tarehe. Kuanzia hapo utakuwa unalinganisha na hiyo yake, si na ya mtoto mwingine.

Mama Kulwa, Mwanza

Nimerudi. Penisilini imebadilishwa, 250. Daktari amepapasa, amesema kimoja na nusu, nami nikapapasa nikakubali. Nimenunua daftari la kurasa 48.

Saa mbili usiku huu nimemvutia mililita 4. Alikunja uso, akameza, akaomba maji. Kulwa amelia hadi kulala akitaka na yeye apewe kwenye bomba. Nimemvutia maji matupu kwa bomba lingine, jipya.