Adabu za kuendesha baiskeli kwa kundi, Malindi hadi Gede

mgeni_barabarani
Asalaam aleikum wajuzi. Nina baiskeli ya mbio, na Jumapili nimealikwa kutoka na kundi alfajiri, Malindi hadi njia panda ya Gede na kurudi. Pumzi ninayo. Nisichokijua ni adabu: nikae wapi, zamu yangu ya mbele ikifika nifanyeje, na nini huwaudhi wenzangu wakanyamaza?

wa_shella
Waaleikum salaam, ndugu. La kwanza ni gurudumu lako la mbele. Lisipishane na la nyuma la mwenzio hata kwa kiganja. Akikwepa shimo mkagusana, yeye huenda zake na wewe ndiye unayeanguka, kwa kuwa gurudumu lililozuiwa ndilo linalokuongoza. Acha nusu mita hadi mita moja, na macho yawe mgongoni kwake, si kwenye tairi.

Zamu ikifika, usiongeze kasi. Hapa ndipo wageni wanapokosea: mtu akijiona mbele anakanyaga kwa nguvu, mstari unakatika, na aliyetoka kuvuta, yaani kuongoza mbele, anashindwa kudandia mkia. Shika mwendo ule ule dakika moja au mbili, tazama nyuma, ashiria kwa kiwiko, chepuka. Upande wa kuchepuka uulize kabla ya kuondoka. Umechoka? Sekunde 20 zatosha, hakuna atakayekulaumu. Na ukisimama juu ya pedali usiache kukanyaga, maana baiskeli hurudi nyuma kidogo ikamfikia anayekufuata.

pwani_pedali
Naongeza la upepo. Msimu wa kusi, kwenda Gede unapigwa usoni kutoka kushoto, upande wa bahari. Kinga basi iko nyuma ya mwenzio, kulia kwake, yaani kwenye njia ya matatu na malori. Mbio za Ulaya barabara hufungwa, wakajipanga mshazari. Hapa usithubutu. Kaa nyuma yake sawasawa, uvumilie upepo.

fundi_spoki
Mkono ukielekezwa chini ni shimo, ukiinuliwa ni kusimama. Pokea, umpitishie wa nyuma. Ukikuta muuza maji na mitungi minne ya lita 20, huyo ana kilo 80 juu ya breki dhaifu. Gonga kengele mapema, msalimie, mpite kulia kwa mita nzima. Kushoto usimbane kamwe: akitoka lami akaingia mchangani na mzigo ule, ameanguka.

Pancha ya mmoja ni ya wote, mnasimama nje ya lami. Lakini beba tyubu zako mbili na pampu. Pini ya tyubu, ile ya kujazia upepo, ipite kimo cha rimu yako. Kabla ya kuvisha mpya, pitisha vidole ndani ya tairi taratibu. Mwiba ukibaki, hiyo nayo haifiki Gede.

mgeni_barabarani
Shukran sana. Na kupenga kamasi?

wa_shella
Rudi mkiani kwanza. Na kwa kusi, ukielekea Gede, geukia kulia.