Mdogo wangu kachomwa sindano ya akili, usiku shingo ikapinda. Tuache dawa?

Habari za jioni wakuu. Mdogo wangu wa kiume, miaka 22, alikuwa anasikia sauti na kugoma kula akidai chakula kina sumu. Jumatatu tukampeleka hospitali, akaanzishiwa haloperidoli, dawa ya kutuliza hizo sauti, sindano kisha vidonge. Sauti zimepungua kweli. Ila Jumatano usiku shingo ikapinda kushoto, macho yakaganda darini, ulimi mzito. Bibi akasema jini, akachoma ubani. Tukamrudisha, akapigwa sindano nyingine na ndani ya nusu saa akanyooka. Sasa vidonge hagusi, na mama yuko upande wake.

Mzee wa Kijiweni: Acheni haraka. Hizo dawa zinakausha ubongo, jirani yangu alikuwa anatembea kama roboti.

Nesi Mstaafu: Pole dada. Mzee, usimtishe mwenzio. Dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe kwenye ubongo, ina njia kadhaa kichwani: moja inahusika na hizo sauti, nyingine inaongoza misuli. Dawa huziba vipokezi vyake vya D2, yaani milango inayopokea ujumbe huo, kote kote, haichagui. Vikizibwa kama asilimia 65, sauti huanza kutulia. Ikikaribia 80, mwili unaanza kugoma. Nafasi yenyewe ndiyo hiyo, finyu. Kwenye misuli dopamini hupimana nguvu na kemikali nyingine ya ubongo, asetilikolini. Moja ikizibwa, nyingine inatamba, shingo inapinda. Sindano ya pili ilimshusha huyo mbabe. Vijana wa kiume walioanza dawa juzijuzi ndio hupatwa zaidi.

Msikatishe kienyeji, sauti zitarudi. Mrudisheni wampunguzie dozi au wambadilishie, olanzapini kwa mfano, na muulize kuhusu benzheksoli, dawa ya kuzuia shingo kupinda hivyo. Akipata homa kali huku mwili umekakamaa na amechanganyikiwa, msisubiri kukuche.

Mwenye Yake: Mimi ni mtumiaji wa dawa hizi za akili. Yangu haikuwa shingo, ilikuwa miguu. Mlangoni hadi getini usiku kucha, kwenye daladala nashuka kabla ya kituo kwa sababu kukaa siwezi. Daktari akadhani ugonjwa umepanda, akaongeza dozi. Balaa! Aliyefuata aliniuliza swali moja tu, "Unatembea kwa kupenda?" Akapunguza, akanipa propranololi. Dogo akianza kuzungukazunguka, mwulizeni hivyohivyo.

Mleta uzi: Asanteni sana. Nimemsomea mama yote, kakubali. Kesho alfajiri kliniki. Bibi naye anakuja, na ubani wake.