Lint inalalamikia SMS za miamala kwenye programu ya kikoba: nizime onyo au nilifanyie kazi?

KijanaWaSinza:

Wakuu, habari za jioni. Nina programu ya Android niliyowatengenezea akina mama wa kikoba, wengi wao wana meza za vitenge Kariakoo. Hisa za kila wiki zinatumwa kwenye simu ya mweka hazina. Ujumbe wa muamala ukiingia, programu inausoma, inachomoa kiasi, jina na namba ya muamala, kisha inamwekea mwanachama alama kuwa amelipa. Inafanya kazi vizuri na wameizoea.

Juzi niliwasha Android Lint (zana inayokagua msimbo na kutoa maonyo) ikamwaga lundo la maonyo. Mengi ni ya rangi na maandishi, ila moja limenikosesha raha: UnprotectedSMSBroadcastReceiver, yaani kipokezi (sehemu ya programu inayopokea SMS) hakijalindwa. Mwenzangu anasema tuweke tools:ignore kulinyamazisha tusonge mbele, maana SMS_RECEIVED (tangazo la kuwa SMS imeingia) inatumwa na mfumo wa simu peke yake. Ana hoja?

DadaWaMbezi:

Usilizime, mdogo wangu. Mwenzako amepatia nusu. Ni kweli programu ya kawaida haiwezi kutangaza SMS_RECEIVED, Android inaikatalia. Lakini kipokezi chako lazima kiwe na exported="true" (kifikike kutoka nje ya programu) ili mfumo ukifikie, na hapo umefungulia programu yoyote iliyomo kwenye simu ya mweka hazina: tochi ya bure, mchezo aliopakua mjukuu, chochote. Programu hiyo inaweza kutuma Intent (ujumbe wa ndani ya Android) iliyotaja jina la kipokezi chako moja kwa moja, haina action (jina la tukio) kabisa, imebeba "pdus" (data ghafi ya SMS) ilizojitungia. Kama onReceive yako (msimbo unaoendeshwa kipokezi kikipata ujumbe) haiangalii action, itasoma "Umepokea Tsh 50,000" na mtu ataandikiwa hisa ambazo hakuna aliyezilipa. Hizo ni fedha za watu wanaoamka saa kumi alfajiri.

Kwenye manifesti (AndroidManifest.xml), ndani ya receiver, weka:

`android:permission="android.permission.BROADCAST_SMS"`

Ruhusa hiyo programu za kawaida hazipewi, kwa hiyo anayebaki kuweza kukutumia ni mfumo. Kisha mstari wa kwanza wa onReceive:

`if (intent.action != Telephony.Sms.Intents.SMS_RECEIVED_ACTION) return`

Lint itanyamaza kwa haki.

Sasa kuna jambo ambalo Lint haikukwambia, na mimi ndilo linaloniuma zaidi. Maneno yanayotoka kwenye getMessageBody() yameandikwa na mtu usiyemjua. Yafuate yanapokwenda. Nina hakika kuna mahali umeunganisha jina la mtumaji na amri ya SQL (lugha ya hifadhidata) kwa alama ya kujumlisha. Siku akichangia mtu anayeitwa Ng'wandu, ile alama ya juu (') inakata amri katikati na mchango wake unapotea. Na kama jina halali linaweza kuivunja amri, mwenye nia mbaya ataiandika upya. Tumia alama ya kuuliza kwenye rawQuery na upitishe jina kando.

Kazi ya kufuata njia hiyo mwachie Semgrep, zana nyingine ya kukagua msimbo. Andika kanuni ya aina ya taint (inayofuata data isiyoaminika): chanzo ni getMessageBody, mwisho wa hatari ni rawQuery, execSQL, loadUrl na Log.d. Toleo la bure halifuati data nje ya kitendaji (function) kimoja, sembuse hadi faili jingine, kwa hiyo weka uchambuzi wa ujumbe na uandishi wa hifadhidata ndani ya kitendaji kimoja. CodeQL, zana ya GitHub ya kazi hiyo hiyo, inavuka mafaili na inasoma Kotlin, ila kwa hazina ya msimbo (repository) isiyo ya umma inalipiwa.

FundiGradle:

Nakazia alichosema dada. Wengi wakiona lundo la maonyo wanatengeneza lint-baseline.xml ili waanze upya. Angalia, faili hilo linameza kila onyo lililopo siku hiyo, na hili la SMS limo. Rekebisha kwanza, baseline baadaye. Halafu lipandishe hadhi:

`lint { fatal += "UnprotectedSMSBroadcastReceiver" }`

Maonyo ya fatal hukaguliwa unapojenga toleo la release, hivyo mtu akiiondoa ile ruhusa kesho, APK (faili la programu) haitoki.

Kingine: kama utaipeleka Play Store, RECEIVE_SMS inahitaji ujaze fomu ya kueleza matumizi, na Google wanaweza kukataa.

KijanaWaSinza:

Asanteni sana. Dada, umejuaje kuhusu SQL? Ipo kweli. Nimeshaibadilisha. Swali la mwisho: baada ya kusoma ujumbe, natuma sendBroadcast (tangazo ndani ya simu) yenye action "MCHANGO_UMEINGIA" ili skrini ijisasishe. Ina shida? Na je, nikimaliza yote haya, alama ya "amelipa" naweza kuiamini?

DadaWaMbezi:

Hiyo sendBroadcast inatangaza jina na kiasi kwa programu yoyote iliyojiandikisha kusikiliza action hiyo. Ongeza setPackage(packageName) ili ifike kwa programu yako tu, na unapoita registerReceiver weka RECEIVER_NOT_EXPORTED. Ukilenga Android 14 bila kuchagua, programu itaanguka. Afadhali zaidi uachane nayo kabisa, skrini isome Flow (mtiririko wa data unaojisasisha) kutoka Room, maktaba ya hifadhidata ya Android.

Kuhusu kuiamini, hapana, bado. Ukaguzi wa msimbo unakuonyesha ujumbe umepita njia gani. Haujui kama fedha imeingia. Mtu anaweza kuiga maneno ya ujumbe wa muamala akautuma kutoka namba yake mwenyewe, basi linganisha getOriginatingAddress (namba au jina lililoutuma). Hata jina la mtumaji huigizwa, kwa hiyo hilo nalo si ushahidi. Badilisha alama: ujumbe ukifika iandike "inasubiri", na namba ya muamala isikubalike mara mbili. Iwe "amelipa" pale tu mweka hazina atakapoiona namba hiyo kwenye taarifa ya akaunti. Kama kikundi kina namba ya biashara yenye API (njia ya programu kuuliza mfumo wa malipo moja kwa moja), uthibitisho upitie seva na hutahitaji kusoma SMS hata kidogo.

Na kama una Log.d (amri ya kuandika kwenye logi) inayochapa ujumbe mzima, ifute leo. Salio la mama wa watu halina sababu ya kukaa kwenye logi.