Mjadala: Je, kingamwili za utafiti wa saratani ziwe mali ya umma?

Mtumishi wa Maabara (mleta mada)
Wanajamvi, naomba tulijadili jambo hili kwa uzito wake. Mwaka juzi maabara yetu ilinunua kingamwili ya kutambua protini moja ya saratani ya matiti, kwa fedha za ruzuku tulizozisubiri muda mrefu. Boksi lilipofika, barafu kavu ilikuwa imekwisha, lakini hilo silo lililotuumiza. Tulipoijaribu kwa kipimo kinachoonyesha kila protini iliyoshikwa kama mstari, mahali palipotakiwa kuonekana mstari mmoja ilitoka minne, na mzito kuliko yote ulikuwa mahali ambapo protini ile haipaswi kuwapo kabisa. Tukarudia mara tatu. Hatimaye tukaijaribu kwenye seli zilizoondolewa jeni ya protini hiyo, yaani zisizoweza kuitengeneza, na mistari yote minne ikatokea vilevile. Kingamwili ile ilishika kila kitu isipokuwa kile tulichoinunulia.

Swali langu ni hili: je, wakati haujafika wa serikali kugharamia hazina za pamoja zitakazotengeneza, kupima na kugawa kingamwili za utafiti wa saratani, badala ya kuliachia soko? Katika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, ipo hazina ya namna hiyo iliyoanzishwa 1986, inauza kwa bei ya kurudisha gharama tu, na humo hupatikana kingamwili zilizotengenezwa chini ya mpango wa protini wa Taasisi ya Taifa ya Saratani ya nchi hiyo.

Mchumi Mkweli
Mleta mada, pole kwa hasara, lakini sikubaliani nawe. Kampuni zina ushindani, na kingamwili mbovu hainunuliwi mara ya pili. Hazina ya umma hukosa fedha bajeti inapobana, na friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri haingoji bajeti ya nyongeza. Pia, bila kumvunjia mtu heshima, maabara nyingi hushindwa kwa sababu ya mikono, si kwa sababu ya chupa. Tena sioni ni kwa haki gani sisi wa Afrika Mashariki, ambao hatujawahi kuchangia chochote katika akiba ya dunia ya vitendanishi (seli, kingamwili na vifaa vingine vya majaribio) vya saratani, tudai mali ya pamoja.

Nuru ya Darubini
Neno hilo la "mikono" nimelisoma mara mbili nikidhani sikulielewa. Nimepaka rangi slaidi za saratani kwa miaka 19, na mikono yangu haijawahi kuniangusha. Ndugu Mchumi, mwaka 2023 watafiti wa mradi wa YCharOS, wenye makao Montreal, Kanada, walichapisha matokeo ya kupima kingamwili 614 za madukani kwa protini 65, wakizilinganisha na seli zilizoondolewa jeni husika. Kwa wastani, kila protini ilikuwa na machapisho kama 12 yaliyotumia kingamwili isiyoitambua protini hiyo. Je, waandishi wote hao walikosa mikono? Kampuni zilipoonyeshwa matokeo ziliondoa sokoni baadhi ya bidhaa na kubadilisha maelezo ya nyingine. Kabla ya hapo zilikuwa zikiziuza, nasi tukizinunua.

Mchumi Mkweli
Dada Nuru, sikukulenga wewe. Lakini tuwe waadilifu: protini zile 65 zilichaguliwa kwa ajili ya utafiti wa mfumo wa fahamu, si wa saratani. Na ni nani aliyezitoa kingamwili zile zipimwe? Ni kampuni zenyewe. Hapo mimi naliona soko likijirekebisha.

Mkulima wa Seli
Ukitaka mfano wa saratani, chukua kipokezi cha estrojeni aina ya beta, protini ya seli inayopokea homoni ya estrojeni. Kiligunduliwa Sweden katikati ya miaka ya 1990, na kwa takriban miaka 20 watafiti wakaandika juu ya kuwapo kwake katika uvimbe wa matiti. Mwaka 2017 watafiti wa Sweden walipima kingamwili 13 zilizokuwa zikikitafuta, na ni moja tu iliyothibitika kukitambua chenyewe. Walipoitumia hiyo moja, hawakukiona kipokezi hicho katika tishu ya titi, iwe salama au yenye saratani. Kila slaidi iliyopotezwa kwa kingamwili isiyo sahihi ilikuwa na kipande kilichokatwa kwenye mwili wa mgonjwa aliyeamini kwamba kitatumika vizuri.

Niongeze jambo ambalo bei haiwezi kulitatua. Kingamwili ya kawaida ya sungura hutoka katika damu ya sungura yule mmoja. Akifa, imekwisha, na chupa inayofuata, ingawa ina jina lilelile, ni kitu kingine. Ndiyo maana mwaka 2015 wanasayansi zaidi ya 100 walitia saini wito wa kutumia kingamwili zinazotengenezwa kwa mfuatano wa jeni unaojulikana. Mfuatano ukiwa wazi, maabara yoyote yenye uwezo inaweza kuitengeneza upya ileile. Ukibaki siri ya muuzaji, tunarudi kwa sungura.

Bint Mvita
Mimi kuna neno moja limenikaa kooni, nalo ni hili la kwamba hatujachangia chochote. Ndugu Mchumi, seli zinazoitwa Daudi, zilizomo katika maabara za saratani za dunia nzima, zilitoka miaka ya 1960 kwenye uvimbe wa kijana wa Kenya aliyeugua saratani ya Burkitt, saratani ya seli za limfu, ugonjwa ulioelezwa kwanza Uganda. Kwa seli hizo watu hupima kingamwili za kushika CD20, protini iliyo juu ya seli hizo, rituximab ikiwamo, dawa ya saratani iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1997. Hicho ndicho chochote?

Mzee wa Kisima
Binti yangu, usikiite kitendo hicho mchango. Mchango hutolewa na mtu aliyeombwa akakubali. Kwa Henrietta Lacks, mgonjwa wa saratani wa Marekani ambaye seli zake bado hutumika maabara, tunajua: seli zake zilichukuliwa Baltimore mwaka 1951 bila kuombwa ruhusa, na familia yake ikakaa zaidi ya miaka 20 bila habari. Kabla ya kujenga hazina, tuulize kwanza ni mali ya nani inayowekwa humo.

Mchumi Mkweli
Neno "chochote" halikuwa sahihi, nalifuta. Lakini hoja ya Mzee inanipa nguvu. Wanasayansi Milstein na Köhler walipobuni Cambridge, mwaka 1975, njia ya kuunganisha seli ya panya inayotoa kingamwili na seli ya saratani isiyokufa, hawakuikatia hataza (haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi), na Milstein aliwagawia wenzake seli zake. Mwaka 1979 maabara ya Philadelphia iliyokuwa imezipokea ikapata hataza ya Marekani ya kingamwili dhidi ya uvimbe. Hazina ya wazi isiyo na mikataba huwa shamba lisilo na uzio.

Bint Mvita
Basi tuandike mikataba! Shamba likiibiwa, watu hujenga uzio, hawaachi kulima. Na Mzee, shikamoo. Sipingi kwamba kijana yule alistahili kuulizwa. Ninachokataa ni kuambiwa hapa kwamba hakuwapo.

Mtumishi wa Maabara (mleta mada)
Naona swali langu limehama, lakini sikulalamikii, Bint Mvita, kwa kuwa umegusa friza yangu. Seli za Daudi zina kasoro ya jeni: hazitengenezi protini ya beta-2 mikroglobulini, ambayo karibu kila seli ya mwili inayo. Kwa hiyo kingamwili ya protini hiyo ikizishika Daudi, muuzaji hana pa kujitetea. Hicho ndicho kipimo ninachotaka kila chupa ya hazina ya pamoja ipitie kwa protini yake, na matokeo yabandikwe hadharani kabla ya mtu kulipa.

Chupa yetu ya Daudi tuliiagiza Marekani, tukalipa kwa dola, na usafirishaji ukazidi bei ya seli zenyewe. Stakabadhi ninayo.