Kikundi: Watoto wa Mama

Jumatano

06:12 Da Zuhura: Assalaam alaykum wote. Mama ameshaanguka mara mbili, hawezi kuendelea kulala peke yake. Kila nikimpigia mtu simu ananiambia "kwangu kumejaa". Leo tutahesabu hapa hapa, mbele ya wote. Andika mko watu wangapi, umri wao, vyumba vingapi na mita za mraba kama unazijua. Nataka majibu kabla ya saa sita mchana.

06:40 Shabani: 👍

06:41 Da Zuhura: Shabani, kidole si jibu.

06:55 Shabani: Chumba kimoja, mimi na mwenzangu wa chuo. Akigeuka kitandani nami nageuka 😂

07:03 Da Zuhura: Naanza mimi. Tuko tisa, vyumba vitatu vya kulala, yaani watatu kila chumba. Kwa kipimo cha UN-Habitat, shirika la makazi la Umoja wa Mataifa, bado sijapita mpaka, maana wao wanasema chumba kina msongamano kikizidi watu watatu. Mama akija tunakuwa kumi.

10:30 Da Zuhura: ???

10:31 Da Zuhura: Watu kumi na moja wamesoma. Nina majibu mawili, na moja ni langu.

13:18 Nuru: Samahani, nilikuwa zamu. Da Zuhura, kabla sijajibu, tunahesabu kwa kipimo kipi? Kwa hicho chako na mimi naweza kuweka watu tisa. Nina vyumba viwili vya kulala na sebule.

13:20 Da Zuhura: Hesabu kwa cha huko uliko.

13:41 Nuru: Huku viko viwili na havielewani. Sheria ya Uingereza ya 1985 inahesabu sebule kuwa chumba cha kulala. Mtoto wa chini ya miaka 10 ni nusu mtu, wa chini ya mwaka mmoja hahesabiwi kabisa. Vyumba vitatu vinaruhusiwa watu watano, kama si vidogo mno. Mimi na mume wangu wawili, Faki wa miaka 12 mmoja, Asha wa miaka 9 nusu. Tatu na nusu. Mama akija, nne na nusu. Kisheria nafasi ipo.

13:44 Nuru: Lakini wanaotathmini hali ya makazi wana kipimo kingine, cha vyumba vya kulala tu. Sebule haimo. Mvulana wa 12 na msichana wa 9 hawawekwi chumba kimoja. Kwa hicho nimeshapungukiwa chumba kimoja leo, na Mama akija vinakuwa viwili. Nyumba ni ile ile, dada. Sijasogeza ukuta.

13:46 Shabani: Asha nusu mtu?? Anaongea kama watu wanne 😂😂

13:46 Mwanaidi: 😂😂😂

13:47 Nuru: Ameisoma hiyo, amekasirika kweli.

13:50 Da Zuhura: Tusipotee. Hamisi?

14:22 Hamisi: Japani wana fomula. Familia ya watu wawili na kuendelea, zidisha idadi kwa mita 10 za mraba kisha ongeza 10. Mtoto wa miaka 3 hadi 5 ni nusu. Sisi wawili na mtoto wa miaka 4, kiwango cha chini ni mita 35. Nyumba yetu ni 42. Mama akija kiwango kinapanda hadi 45.

14:23 Hamisi: Napungukiwa mita tatu. Zulia moja tu. Nimekaa naitazama hiyo sakafu tangu nipige hesabu.

14:25 Shabani: Mtoto akizaliwa huko anapewa sehemu ngapi?

14:26 Hamisi: Robo, mpaka atimize miaka mitatu.

14:26 Shabani: Robo mtu na kelele zake zote

14:30 Da Zuhura: SHABANI.

17:05 Rehema: Nimetoka kazini sasa. Mimi msinihesabu, tafadhali. Hapa Hong Kong nimepanga kipande cha nyumba iliyokatwakatwa, mita 12, mimi na Salma. Sita kila mmoja. Sensa yao ya 2021 ilikuta wanaoishi kwenye vipande hivi mtu wa katikati ana mita 6, kwa hiyo sisi ni wa kawaida kabisa. Kwenye nyumba za serikali, ukiwa na chini ya mita 5.5 kwa mtu unahesabiwa umesongamana. Mama akija tunakuwa na nne nne. Ningemlaza wapi? Jiko liko mguuni pa kitanda.

17:09 Nuru: Pole mdogo wangu. Hukuwahi kusema.

17:10 Rehema: Nani aliuliza?

17:31 Mwanaidi: Nimesoma kwamba Eurostat, ofisi ya takwimu ya Umoja wa Ulaya, wanataka kila mtu mzima asiye na mwenza awe na chumba chake, na jiko la kupikia tu halihesabiwi. Kwa hicho karibu watu 40 kati ya kila 100 Rumania wamesongamana. Hicho kipimo tukikileta kwenye nyumba tuliyokulia sijui tungeitwaje.

17:33 Shabani: Ghala

17:36 Da Zuhura: Anayebaki ni mmoja. Kaka Idi, tiki zako za buluu nimeziona tangu asubuhi. Huko Marekani wakizidi mtu mmoja kwa chumba wanasema nyumba imejaa, wakizidi mmoja na nusu wanasema imezidi kabisa. Na sebule wanahesabu, jiko pia. Wewe una vyumba vitano, mko wawili. Mimi hapa ni watatu kwa chumba. Sisemi zaidi.

17:37 Nuru: Da Zuhura, taratibu.

17:38 Da Zuhura: Taratibu mpaka Mama aanguke mara ya tatu?

*Ujumbe huu umefutwa*

21:50 Idi: Nimesoma yote.

21:52 Idi: Zile tafiti za afya za kaya huwa zinauliza kuna vyumba vingapi vinavyotumika kulala. Nauliza tu. Korido ingehesabiwa chumba?

21:53 Idi: Miaka minne. Kila aliyekwenda chooni usiku alinikanyaga. Hakuna aliyeleta fomula.

21:58 Da Zuhura: Kaka, yale ya godoro tuliyamaliza.

21:59 Idi: Mliyamaliza ninyi.

22:04 Rehema: Tusifanye hivi usiku jamani.

Alhamisi

05:30 Ba'mkubwa Salehe: Wanangu. Mama yenu hana simu ya kikundi. Jana nilikuwa kwake, namsomea. Yote. Nusu mtu, robo mtu, mita nne, zulia. Na korido.

05:34 Ba'mkubwa Salehe: Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, Idi alipewa korido kwa sababu ndiye peke yake aliyekuwa halii gizani. Anasema alikosea kutokuomba radhi.

05:37 Ba'mkubwa Salehe: Akauliza jambo moja tu. Huko mnakopima, chumba atakachopewa kina mlango anaoweza kuufunga mwenyewe kwa ndani? Amelala na watu maisha yake yote. Hilo hakuna aliyeliandika.

09:12 Nuru: Ba'mkubwa, shikamoo. Kwangu angelala na Asha. Mlango upo ila ni wa wawili.

09:40 Hamisi: Shikamoo Ba'mkubwa. Kwetu ni pazia.

11:02 Da Zuhura: Shikamoo Ba'mkubwa. Nimekusikia. Kwangu hakuna mlango, nasema ukweli. Naweza kuhamisha wavulana sebuleni, chumba kikabaki chake. Wasichana watakuwa wanne chumba kimoja, na mimi na baba yao tutabaki na mdogo. Kwa kipimo chochote nitakuwa nimejaza. Nitajaza.

11:05 Mwanaidi: ❤️

11:20 Da Zuhura: Lakini si kwa miaka. Miezi mitatu, halafu anayefuata aseme sasa. Naandika majina leo jioni.

16:48 Da Zuhura: Kimya tena.

19:15 Shabani: Mimi nitakuja kusaidia kuhamisha vitanda Jumamosi. Bila utani.

22:31 Idi: Ba'mkubwa, shikamoo. Kesho saa mbili asubuhi ya huko, tafadhali uwe kwa Mama na simu iwe na chaji. Nitampigia mwenyewe.

22:32 Da Zuhura: Unamaanisha utamchukua?

22:32 Da Zuhura: Kaka Idi?

22:40 Idi: Nimesema nitampigia, Zuhura.

22:41 Da Zuhura: Sawa. Vitanda vinahamishwa Jumamosi hata hivyo.